Kutoa ni moyo, lakini tuulize pesa zetu zinalindwa na nani

KILA ukame unapowakaba wafugaji wa Turkana na Marsabit, na kila Mto Nzoia unapofurika na kuwahamisha wakazi wa Budalang'i, Wakenya huingiza mikono mifukoni bila kushurutishwa. Ukarimu huo hauna ubishi. Kinachostahili kujadiliwa ni desturi yetu ya kuuliza maswali baada ya pesa kutoka, wakati ambapo jibu lolote haliwezi tena kuzirejesha.

Julai 2011, njaa ilipoikumba pembe hii ya Afrika, kampuni ya Safaricom, benki ya KCB, wamiliki wa vyombo vya habari na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya walizindua kampeni ya Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa Sh500 milioni kwa muda wa mwezi mmoja. Lilipitwa, na miongoni mwa waliochanga ni watu wa kipato cha chini waliotuma walichojaliwa kupitia M-Pesa. Tangu hapo, mama mboga na utingo wa matatu nao wamekuwa wafadhili.

Mabadiliko hayo yana uzito wake. Mfadhili mkubwa wa kigeni ana mawakili na wahasibu wa kulichunguza shirika kabla hajatia sahihi hundi. Mchangiaji wa Sh200 hana. Kwa hivyo yeye ndiye anayehitaji zaidi kujua la kutazama.

Cheti pekee hakitoshi

Wengi huridhika wakionyeshwa cheti cha usajili. Cheti ni hatua ya kwanza tu. Desemba 2014, Bodi ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ilitangaza kuyafutilia usajili mashirika 510 kwa madai ya kukiuka sheria, likiwemo kosa la kutowasilisha hesabu za fedha. Mashirika 15 kati yao yalihusishwa na tuhuma za kufadhili ugaidi. Watetezi wa haki walilalamika kwamba serikali ilikuwa ikiyatisha mashirika yaliyoikosoa, na baadhi yalirejeshewa usajili baadaye. Funzo ni kwamba kuwa na cheti si ithibati ya uaminifu, na kunyang'anywa cheti si ithibati ya wizi.

Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilitiwa sahihi na Rais Mwai Kibaki Januari 2013. Ilikaa kabatini zaidi ya miaka 11, licha ya Mahakama Kuu kuamuru mwaka wa 2016 ianze kutumika. Ilianza kutekelezwa Mei 2024, ikaiondoa sheria ya mwaka wa 1990 na kuunda Mamlaka ya kuyadhibiti mashirika hayo. Sheria inayataka mashirika yawe na chombo cha uongozi, yatunze vitabu vya hesabu na kuwasilisha ripoti kwa Mamlaka.

Hata hivyo, si kila anayeomba mchango anasimamiwa na sheria hiyo. Kanisa au chama huweza kuwa kimesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama. Kikundi cha kijiji husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022. Kuna amana za wadhamini, na kuna kampuni zisizogawa faida. Swali la kwanza la mtoaji basi liwe na sehemu mbili: mmesajiliwa wapi, na ni nani anayepokea hesabu zenu kila mwaka? Asiyeweza kujibu sehemu ya pili hajawa tayari kupokea pesa za umma.

Nani anaweza kusema 'hapana'?

Swali la pili ndilo zito kuliko yote, nalo aghalabu haliulizwi. Ndani ya shirika hilo, yupo mtu mwenye uwezo wa kumwambia mwanzilishi 'hapana', na neno lake likashika?

Mfano bora unatoka Uingereza. Shirika la Kids Company, lililoanzishwa na Camila Batmanghelidjh mwaka wa 1996, liliwahudumia watoto wa familia maskini jijini London. Mawaziri walilisifu, matajiri wakalichangia, na serikali ikalipa zaidi ya pauni milioni 40 katika miaka ya uhai wake. Agosti 2015 lilifunga milango ghafla, siku chache tu baada ya kupokea ruzuku nyingine ya pauni milioni tatu.

Waliodhani kuna aliyetorokea ughaibuni na magunia ya pesa walikosea. Mnamo 2021 Mahakama Kuu ya Uingereza ilikataa ombi la kuwapiga marufuku wakurugenzi wake, na jaji akaitetea nia yao njema. Lakini mwaka uliofuata, tume inayosimamia mashirika ya hisani nchini humo ilibainisha kasoro: shirika liliendesha shughuli zake likiwa na akiba ndogo mno, huku likitaka kumpokea kila mtoto aliyebisha hodi. Matumizi yalipaa, akiba haikuwekwa, na michango ilipopungua hakukuwa na cha kulitegemeza. Waliopoteza ni watoto wale wale ambao pesa zilichangwa kwa ajili yao.

Kwa hivyo hatari haimo katika wizi pekee. Mwanzilishi mwenye moyo wa dhahabu anaweza kuliangusha shirika lake iwapo bodi yake ni ya kupiga makofi tu. Hapa kwetu si ajabu kukuta shirika ambalo mwenyekiti ni mume, mweka hazina ni mke na katibu ni shemeji. Watu hao huenda ni waadilifu, ila hakuna anayeweza kumhoji mwenzake juu ya gari lililonunuliwa. Uliza majina ya wanabodi na uhusiano wao, hukutana mara ngapi kwa mwaka, na benki inahitaji sahihi za watu wangapi ili kutoa pesa.

Yaliyomo katika hesabu

Shirika likitoa hesabu zilizokaguliwa, anza na maoni ya mkaguzi, ambaye sharti awe na leseni ya taasisi ya wahasibu nchini, ICPAK. Akisema hesabu zinaonyesha hali halisi bila kuweka masharti, hiyo ni dalili njema. Akiandika kwamba kuna stakabadhi ambazo hakuziona, au kwamba ana shaka iwapo shirika litadumu, soma aya hiyo mara mbili.

Kisha tazama akiba: inatosha kuendesha kazi kwa miezi mingapi mapato yakikatika? Tazama pia iwapo shirika linakodi nyumba au kununua bidhaa kutoka kwa wakuu wake wenyewe. Mwisho, chunguza iwapo pesa zilizochangwa kwa kazi maalumu, tuseme kuchimba kisima, zimetengwa au zimechanganywa na za mishahara.

Hapa kuna kosa moja la kusahihishwa. Wengi hupima shirika kwa kigezo kimoja tu, yaani kiasi kidogo kinachotumika kwa usimamizi. Juni 2013, taasisi tatu za Marekani zinazochunguza mashirika ya hisani, zikiwemo GuideStar na Charity Navigator, ziliwaandikia watoaji barua ya wazi kuwasihi waachane na imani hiyo. Hoja yao ni ya maana. Shirika linalopeleka mahindi Mandera bila mhasibu, bila mlinzi wa ghala na bila mkaguzi litaonekana la bei nafuu katika karatasi, mpaka magunia yatakapohesabiwa. Usimamizi unaogharimu pesa kidogo mno ni mlango ulioachwa wazi.

Anayekiri na anayeficha

Novemba 2017, Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu lilitangaza kwamba mamilioni ya dola zilizokusudiwa kupambana na Ebola nchini Guinea, Liberia na Sierra Leone zilipotea kwa ulaghai. Nchini Sierra Leone, ilielezwa kuwa baadhi ya wafanyakazi huenda walishirikiana na wenzao wa benki. Habari hizo zilichukiza, na haki ya kukasirika ni ya kila aliyechanga. Walakini, zilijulikana kwa sababu shirikisho lenyewe lilifanya uchunguzi na kuutangaza. Shirika ambalo ripoti zake za miaka 10 hazina hata tatizo moja lina bahati isiyo ya kawaida, au lina la kuficha.

Tahadhari iwe kubwa zaidi pale picha ya mtoto inapotumiwa kuomba. Mnamo Novemba 2017 serikali ya Kenya ilisitisha usajili wa makao mapya ya watoto, kukiwa na wasiwasi kuhusu ulanguzi na unyanyasaji, na mwaka wa 2022 ikazindua mkakati wa miaka 10 wa kuwarejesha watoto katika malezi ya familia. Makao yanayohitaji watoto wengi ili yapate wafadhili wengi yana kishawishi kibaya. Uliza ni watoto wangapi waliounganishwa tena na jamaa zao mwaka jana.

Hata mchango wa mtaani una kanuni zake. Pesa za matibabu au karo zitumwe kwa nambari ya malipo ya hospitali au shule inapowezekana, na jina linalojitokeza kwenye simu lisomwe kabla ya kuthibitisha. Kamati itangaze kilichopatikana na kilichotumika.

Wapo watakaosema kwamba kuuliza hivi ni kumvunja moyo anayejitolea. Ukweli ni kinyume cha hayo. Shirika safi hufurahia kuulizwa, kwa maana maswali hulitofautisha na matapeli. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo ni haki ya aliyetoa Sh50 sawa na aliyetoa Sh5 milioni, na zaidi yao ni haki ya mwenye njaa ambaye kwa jina lake pesa hizo ziliombwa.