Hipnosisi hospitalini: inatuliza maumivu, lakini je, inaponya?

Mwezi Aprili mwaka 2014, mwimbaji mwenye asili ya Guinea, Alama Kanté, alilazwa kwenye meza ya upasuaji katika hospitali ya Henri Mondor mjini Créteil, karibu na Paris. Alikuwa na uvimbe kooni, na kosa dogo tu la daktari lingeweza kumpotezea sauti, yaani kazi yake. Madaktari walitaka aimbe wakati wakiendelea na upasuaji, ili wajue kwamba nyuzi za sauti hazijadhurika. Kwa hiyo hakulazwa usingizi kabisa kwa dawa. Alipewa ganzi, na kando yake alikuwapo mtaalamu wa hipnosisi aliyemwongoza kwa maneno. Uvimbe uliondolewa na sauti yake ikabaki salama.

Habari hiyo ilisambaa duniani kama kisa cha ajabu. Lakini katika nchi jirani ya Ubelgiji lilikuwa jambo la kawaida. Katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Liège, daktari wa usingizi Marie-Elisabeth Faymonville alianza kutumia njia hiyo mwaka 1992. Tangu wakati huo maelfu ya wagonjwa wamefanyiwa upasuaji hapo, ukiwemo wa tezi ya shingoni na wa matiti, kwa kuchanganya hipnosisi, ganzi na kiasi kidogo cha dawa za kutuliza.

Leo hamu ya kutafuta njia za kupunguza maumivu bila dawa nyingi imeongezeka. Nchini Marekani, mwaka 2021 pekee, zaidi ya watu 100,000 walikufa kwa kuzidisha dawa na mihadarati, wengi wao kwa dawa za jamii ya afyuni. Kwa baadhi yao, safari ya uraibu ilianza na vidonge vya maumivu walivyoandikiwa na daktari. Ndiyo maana watafiti na hospitali wanaiangalia hipnosisi kwa jicho jipya.

Hipnosisi ni nini hasa?

Wengi wanaifahamu kupitia sinema au maonyesho ya jukwaani, ambako mtu huonekana amepumbazwa na kufanya kila anachoamriwa. Hospitalini mambo ni tofauti. Mgonjwa halali usingizi wala hapotezi fahamu. Anasaidiwa kutuliza mwili na kuelekeza mawazo yake yote mahali pamoja, pengine kwenye kumbukumbu ya ufukweni au nyumbani kwao, huku mtaalamu akimpa mapendekezo kwa sauti ya utulivu, kwa mfano kwamba mkono wake unapoa na kufa ganzi.

Je, mgonjwa anajidanganya tu? Mwaka 1997, watafiti mjini Montreal, Kanada, wakiongozwa na Pierre Rainville, walipima ubongo wa watu waliotumbukiza mkono katika maji ya moto wakiwa chini ya hipnosisi. Walipoambiwa kwamba maumivu yanakera zaidi au kidogo, sehemu ya ubongo inayohusika na karaha ya maumivu ilibadilika kulingana na maneno hayo. Sehemu inayopokea taarifa za joto lenyewe haikubadilika. Kwa maneno mengine, taarifa ilifika, lakini ubongo uliipokea kwa namna nyingine.

Ushahidi unasema nini?

Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio 85 yenye washiriki zaidi ya 3,600, waliosababishiwa maumivu ya muda katika maabara. Kwa watu wanaopokea hipnosisi kwa urahisi, maumivu yalipungua kwa asilimia 42. Kwa wale wa kiwango cha kati yalipungua kwa asilimia 29. Wale ambao akili zao hazipokei hipnosisi kwa urahisi walipata nafuu ndogo sana.

Hospitalini pia kuna matokeo. Katika utafiti wa mwaka 2007 mjini New York, wanawake 200 waliokuwa wakisubiri upasuaji wa matiti waligawanywa makundi mawili. Waliopata hipnosisi ya dakika 15 kabla ya upasuaji walihitaji dawa kidogo zaidi, waliripoti maumivu na kichefuchefu kidogo zaidi, na hospitali iliokoa zaidi ya dola 770 kwa kila mgonjwa. Nchini Uingereza, mwongozo wa kitabibu wa mwaka 2008 uliitaja hipnosisi miongoni mwa tiba za kufikiriwa kwa wagonjwa wenye msokoto wa tumbo wa kudumu ambao hawajapata nafuu kwa dawa baada ya miezi 12.

Mpaka uko wapi?

Historia inatoa onyo. Mwaka 1845, daktari wa Kiskoti James Esdaile alianza kufanya upasuaji mkubwa huko Bengal, India, bila dawa yoyote ya usingizi, akitegemea njia iliyokuja kuzaa hipnosisi. Alidai mafanikio makubwa. Lakini mwaka 1846 etha ilionyeshwa hadharani mjini Boston, mwaka uliofuata ikaja klorofomu, na njia ya Esdaile ikasahaulika. Sababu inaeleweka: dawa inamlaza karibu kila mtu, maneno hayawezi.

Mpaka wa pili ni neno "kuponya". Hipnosisi inaweza kupunguza maumivu, hofu na kichefuchefu cha mgonjwa wa saratani, lakini haiondoi saratani. Maumivu ni mjumbe, na wahenga walisema mjumbe hauawi. Anayetuliza maumivu ya tumbo kabla daktari hajajua chanzo chake anaweza kuuficha ugonjwa mpaka muda wa kuutibu upite.

Hapa ndipo sheria inapolegalega. Nchini Ufaransa na Uingereza, mtu yeyote anaweza kujiita mtaalamu wa hipnosisi baada ya kozi fupi, hata kama hajasomea udaktari, uuguzi wala saikolojia. Mgonjwa hana njia rahisi ya kumtofautisha daktari wa usingizi aliyejifunza hipnosisi na mfanyabiashara anayeahidi kuponya kila ugonjwa.

Inatuhusu vipi Afrika Mashariki?

Kwetu sisi tatizo ni tofauti na la Marekani. Huko dawa za maumivu zilizidi, huku hazitoshi. Ripoti ya jopo la jarida la kitabibu la The Lancet ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba kati ya takriban tani 298 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu.

Katika hali hiyo, tiba isiyohitaji vidonge inaweza kuonekana kama jibu la bei nafuu. Lakini mfano wa Liège na Créteil unaonyesha kwamba hipnosisi ilifanikiwa mahali ambapo ganzi ilikuwapo, daktari wa usingizi alikuwapo, na dawa zilikuwa tayari endapo maneno yangeshindwa. Ilipunguza kiasi cha dawa, haikuziba pengo la kukosekana kwake.

Uganda ilichukua njia iliyo wazi zaidi. Shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, lilieneza matumizi ya mofini ya maji, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandikia wagonjwa. Muuguzi wa aina hiyo akiongezewa ujuzi wa hipnosisi, mgonjwa atafaidika na vyote viwili. Mgonjwa anayepewa hipnosisi kwa sababu tu mofini haipo anabaki na haki ya kuuliza kwa nini haipo.