Matone ya Kupanua Mboni: Dawa Ndogo, Amana Kubwa



Katika nyumba zetu nyingi dawa ya macho haihesabiwi kuwa dawa kamili. Vidonge hufungiwa kabatini na sindano huogopwa, lakini kichupa cha matone huachwa juu ya meza au dirishani, na jirani akilalamika kuwa jicho linamuwasha hutiliwa tone bila ya kuulizwa swali. Leo tunapenda kuzungumza na wazazi na walezi juu ya aina moja ya matone isiyostahili kabisa kuchukuliwa hivyo, nayo ni matone ya kupanua mboni.

Mboni ni ule mduara mweusi ulio katikati ya jicho. Kwa hakika ni tundu la kupitishia mwanga: mwanga ukizidi hujibana, na giza likiingia hupanuka. Daktari anapotaka kuona sehemu ya nyuma ya jicho, kama inavyopasa kwa mgonjwa wa kisukari, huipanua kwa matone ili apate kuchungulia ndani. Watoto nao hutiwa matone haya wanapopimwa miwani, kwa kuwa jicho la mtoto hujikaza na kupotosha kipimo. Wengine huandikiwa kama tiba ya nyumbani: mwenye uvimbe wa ndani ya jicho ili maumivu yatulie, au mtoto ambaye jicho lake moja limezembea, hutiwa dawa katika lile jicho zima ili lile zembe lilazimike kufanya kazi.

Matone haya hayalingani nguvu. Tropikamaidi, inayotumika sana siku ya uchunguzi, huanza kazi kwa takribani nusu saa na kwa kawaida huisha baada ya saa chache. Saiklopentoleti yaweza kuendelea hadi siku nzima. Atropini ndiyo yenye kudumu kuliko zote. Mboni yaweza kubaki wazi kwa wiki moja au zaidi. Hivyo ni haki ya mgonjwa kumuuliza daktari: nimetiliwa dawa gani, na itakaa muda gani?

Na tuitazame atropini kwa hesabu. Kichupa cha mililita 5 chenye nguvu ya asilimia 1 kina miligramu 50 za dawa. Tone moja lina kama nusu miligramu, kiasi kinachokaribiana na kile ambacho madaktari wamezoea kumdunga mtu mzima ambaye moyo wake unadunda polepole mno. Basi mtoto mdogo akikinywa kichupa hicho, maisha yake yamo hatarini. Atropini ni jamaa wa sumu iliyomo katika mnanaha, mmea ambao wazee wetu walitukataza kuuchezea.

Huenda msomaji akauliza, tone la jichoni linafikaje mwilini? Katika pembe ya jicho iliyo karibu na pua pana mfereji unaopeleka machozi puani, na kutoka puani huteremka kooni. Ndiyo maana anayetiwa dawa huonja uchungu ulimini. Dawa iliyopita njia hiyo huingia katika damu, na kwa mtoto mwenye mwili mdogo athari yake ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo namna ya kutia ndiyo nusu ya usalama. Kwanza, nawa mikono na usome jina lililoandikwa kwenye kichupa. Usitegemee rangi ya kifuniko. Nchi nyingi huyapa matone haya kifuniko chekundu, lakini si watengenezaji wote wanaofuata utaratibu huo. Pili, hakikisha ni jicho lipi lililoandikiwa. Tatu, mlaze mtoto chali, vuta kidogo kope ya chini, na utie tone moja tu bila ya ncha ya kichupa kugusa jicho. La pili haliongezi faida, kwani jicho halina nafasi ya kulihifadhi. Litamwagika shavuni au litateremka kooni. Nne, mwambie afumbe macho, nawe ubonyeze taratibu kwa kidole ile pembe iliyo karibu na pua kwa muda wa dakika mbili au tatu. Tano, futa dawa iliyomwagika, kisha nawa mikono yako na umfute mtoto mikono yake asije akailamba. Mama asiyenawa kisha akajifikicha jicho, mboni yake moja yaweza kupanuka akadhani amepatwa na maradhi ya kichwa. Likitokea hilo, muda ambao daktari hajaambiwa habari ya matone ni muda wa hofu na vipimo visivyohitajika.

Baada ya hapo tarajia mambo mawili: mwanga utaumiza, na maandishi ya karibu yatakuwa na ukungu. Kofia na miwani ya jua husaidia. Mtu asiendeshe gari wala pikipiki, na asikae kwenye cherehani wala mashine ya kukata, mpaka aone sawasawa. Aendaye kliniki na aongozane na mtu wa kumrudisha. Asishtuke pia akishindwa kusoma msahafu jioni hiyo. Uoni utarudi dawa ikiisha.

Yasiyotarajiwa ni haya: uso kuwa mwekundu na wa moto, kinywa kukauka, homa, moyo kwenda mbio, mkojo kuziba, mtoto kuhangaika, kuweweseka au kuona vitu visivyokuwepo. Hizo ni dalili kuwa dawa imezidi mwilini. Acheni kutia, mwende hospitali mara moja, na kichupa mkichukue ili daktari akione. Mtoto aliyekunywa dawa hii apelekwe hata kama bado anacheza. Kwa watu wazima, hasa wazee, jicho likiuma sana na kuwa jekundu, pamoja na kichwa kuuma, kutapika na kuona duara za rangi kuzunguka taa, ni dharura. Yapo macho ambayo njia ya kutolea maji yake ya ndani ni nyembamba. Mboni ikipanuka njia hiyo huziba, presha ya jicho hupanda ghafla, na uoni waweza kupotea.

Ndiyo sababu tunasisitiza: usimpe mwingine matone haya. Ukarimu ni sifa njema, lakini jicho jekundu la jirani laweza kuwa na sababu kumi, na hujui njia ya maji katika jicho lake ikoje. Kabla ya kutiliwa, mgonjwa naye amweleze daktari kama ana presha ya macho, maradhi ya moyo, au kama ni mjamzito au ananyonyesha.

Wengi huuliza kuhusu saumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa matone ya macho hayabatilishi saumu, kwa sharti kwamba mtu ajiepushe na kumeza kinachofika kooni. Wapo wanazuoni, hasa wa madhehebu ya Maliki, wanaoona kuwa kinachofika kooni huharibu saumu. Kule kubonyeza pembe ya jicho tulikokueleza kunapunguza dawa inayofika huko, na tone la mara moja kwa siku laweza kutiwa usiku daktari akiridhia. Kubwa ni kutoikatisha tiba ya mtoto au ya mgonjwa kwa dhana.

Mwisho, kichupa kikae juu, mahali pa kufungwa, ndani ya boksi lake. Vichupa vingi havifai tena wiki nne baada ya kufunguliwa. Andika tarehe ya kufungua, na matibabu yakiisha kirudishe duka la dawa badala ya kukiweka akiba. Macho ya watoto wetu ni amana, na kichupa kilichowekwa mahali pake ni sehemu ya kuitunza. Wabillahi tawfiq.