Vacherot asibadilishe benchi

Kusema mcheza tenisi Valentin Vacherot alibahatisha tu taji la Shanghai Masters ni kumwonea. Oktoba 2025 aliingia akiwa wa 204 duniani, akaanzia mchujo, akamtoa Djokovic nusu fainali. Kwenye fainali alipoteza seti ya kwanza 4-6 mbele ya binamu yake, Arthur Rinderknech, akapindua meza 6-3, 6-3. Wiki chache baadaye akafika robo fainali ya Paris Masters, na njiani akamfunga tena binamu huyo huyo. Hiyo bahati gani?

Kazi ndiyo inaanza. Pointi 1,000 za taji lile zinadumu wiki 52 tu, kisha zinafutwa. Asipovuna kwingine, atashuka. Tumeshaona ya Emma Raducanu: alitwaa US Open 2021 akitokea mchujo, punde akaachana na kocha Andrew Richardson, na baada ya hapo makocha wakawa wanapanda na kushuka kama abiria wa daladala. Mwaka uliofuata alitolewa raundi ya kwanza palepale New York.

Vacherot anafundishwa na kaka yake, Benjamin Balleret. Asimwache.