Mwacheni Mzee Aende Akatafute

Wasee wa Kisii na Nyamira, leo naongea na sisi wenyewe, sisi mashabiki. Mkitaka kunitusi mkimaliza kusoma, sawa, ila someni mpaka mwisho kwanza.

Wiki hizi kuna beki mmoja wa huku kwetu anayepikwa mtandaoni kama mahindi ya soko la Daraja Mbili. Simtaji jina wala timu, kwa sababu hajasaini kitu na sitaki kumharibia. Ana miaka 34. Amepata ofa ya mwaka mmoja nje ya nchi, kwenye ligi ambayo wengi wetu hatuifuatilii. Ofa imevuja, na sasa kila mwenye bando ya shilingi ishirini ni jaji. "Msaliti." "Mzee mwenye tamaa." "Anaenda kufia benchi." Mmoja akamwambia arudi kuchuma majani chai.

Mura, hebu tuulizane. Ni lini kuondoka nyumbani kutafuta kulianza kuwa dhambi Gusii?

Kwa sababu mimi nimekulia hapa na ninajua tunavyoishi. Mashamba yetu ni vipande. Babu alikuwa na ekari za kutosha, baba akapata robo, wewe utapata mahali pa kujenga nyumba na migomba kumi. Ndiyo maana kila boma lina mtu Minnesota. Kila boma! Kuna siku huwa nafikiri Kisii ni kaunti mbili, moja iko hapa na nyingine iko Minneapolis inavaa jaketi nzito. Shangazi yako akipata viza ya kwenda kuwaangalia wazee wa Kizungu kwenye makao yao, tunafanya nini? Tunaita harambee, tunakodi hema, mchungaji anaombea pasipoti, wamama wanaimba. Binamu akienda Qatar kulinda geti la duka, tunamsindikiza mpaka stendi ya basi. Hakuna anayemwambia "msaliti, kwa nini usilinde geti la Keroka?"

Hata mali yetu inaondoka. Chai ya Kebirigo inaenda kunadiwa Mombasa. Ndizi zetu zinalala Nairobi. Mawe ya Tabaka yanachongwa viboko na ndovu, halafu yanapanda ndege kabla ya wengi wetu hatujapanda. Kila kitu kizuri cha Gusii hufuata bei yake. Mchezaji peke yake ndiye tunataka akae hapa kwa bei ya hapa, mpaka goti liishe, ili sisi tufurahi Jumapili.

Huo si uzalendo. Huo ni uchoyo uliovaa jezi.

Najua mtasema mpira si kazi kama zingine, mpira ni mapenzi. Sawa. Mimi ni Tore Bobe damu. Shabana iliporudi ligi kuu mwaka 2023, baada ya miaka 17 nje, nililia kama mtoto aliyeonyeshwa ugali. Najua Gusii Stadium ikijaa huwa inafanya nini kwa roho ya mtu. Lakini tusidanganyane: ule wimbo tunaoimba ukiisha, sisi tunaenda kula, na yeye anaenda nyumbani na barafu kwenye goti. Mapenzi yetu hayalipi karo. Na wangapi kati yetu wanaolipa tiketi? Wale wanaoruka ua inueni mikono. Nawaona. Halafu nyinyi ndio mnaouliza kwa nini mchezaji hana uaminifu.

Tuongee pesa sasa, kwa sababu hapo ndipo kesi ilipo.

Mpira wa Kenya umemfundisha mchezaji somo moja kwa miaka mingi: usitegemee kesho. Mwaka 2019 SportPesa waliondoa udhamini wao baada ya mvutano wa leseni na serikali, na vilabu vikaamka siku moja havina mfadhili. Jirani zetu Sony Sugar wa Awendo walifukuzwa ligi msimu huo wa 2019/20 baada ya kushindwa kufika kwenye mechi. Timu nzima! Mchezaji wa pale alilala akiwa wa ligi kuu, akaamka hana timu. Mwaka 2022 FIFA ikatufungia nchi nzima, kuanzia Februari mpaka Novemba, sababu ya vita vya wakubwa. AFC Leopards, klabu yenye jina na historia, imewahi kufungiwa kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni ya watu waliowahi kuifanyia kazi. Sasa wewe ukiwa na miaka 34, umepitia hayo yote, halafu mtu wa nje anakuwekea mkataba mezani wenye tarehe ya mshahara, utauliza mashabiki kwanza?

Angalia hapo Tanzania tu, si mbali. Mwaka 2021 Azam walisaini haki za televisheni za ligi yao kwa miaka 10, shilingi za Tanzania bilioni 225.6. Ndiyo maana Wakenya wanavuka Namanga. Francis Kahata alienda Simba mwaka 2019 kutoka Gor Mahia. Joash Onyango akamfuata mwaka 2020. Duke Abuya akajiunga na Yanga mwaka 2024. Hawa hawakuichukia Kenya. Walifuata mahali ambapo mpira unalipwa kama kazi.

"Lakini yeye ni mzee," mnasema. "Vijana waende, mzee akae."

Hapo ndipo mnanichosha kabisa, kwa sababu hesabu ni kinyume. Kijana wa miaka 20 akikataa ofa, kuna nyingine inakuja. Mzee wa 34 akikataa, simu haiiti tena. Huyu beki aliniambia maneno mawili ambayo yanatosha kufunga huu mjadala: "Mdogo wangu, hili goti lina msimu mmoja, labda miwili. Shamba la baba tumegawana ndugu watano." Basi. Hakuongeza. Mtu anapima vitu viwili ambavyo vyote vinaisha, goti na shamba, na sisi tunampigia kelele kuhusu bendera.

Na hii ya kusema mchezaji mzee akienda mbali ni kwenda kuzikwa, nani aliwafundisha? Roger Milla mwaka 1989 alikuwa ameshatoka Ufaransa, akaenda kucheza kisiwani Réunion, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anamtazama. Walisema ameisha. Mwaka 1990 akaenda Kombe la Dunia Italia na Kameruni akiwa na miaka 38, akafunga mabao manne, akacheza dansi kwenye kibendera cha kona mpaka leo watu wanaiga.

Mnataka wa kwetu kabisa? Yobes Ondieki. Mtoto wa Kisii. Alienda kusoma na kukimbia Iowa State kule Marekani, akafanya maisha yake ya riadha mbali na nyumbani. Akiwa na miaka 30, mwaka 1991 Tokyo, akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000. Akiwa na miaka 32, tarehe 10 Julai 1993 mjini Oslo, akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Dakika 26, sekunde 58. Mtu wa Gusii, "mzee", mbali na nyumbani. Ebu niambie huyo alisaliti nani.

Sasa tuje kwa unafiki wetu wenyewe. Cristiano Ronaldo alipoenda Al-Nassr akiwa karibu miaka 38, mlinunua jezi ya njano pale stendi Kisii, mkasema "legendi anaomoka." Messi akaenda Miami mwaka 2023, mkasema "anastahili kupumzika." Victor Wanyama akaenda Dunfermline ya daraja la pili Scotland mwezi wa tatu 2025, akiwa na miaka 33, mkacheka. Wanyama! Yule aliyewafunga Barcelona Novemba 2012 akiwa na miaka 21, Mkenya wa kwanza kufunga Ligi ya Mabingwa Ulaya. Alikuwa hana timu tangu atoke Montréal, akapigiwa simu na Neil Lennon, kocha aliyemlea Celtic, akasema niko tayari kujaribu tena. Mngependa angekaa nyumbani atazame mechi na nyinyi? Mzungu akifuata pesa uzeeni ni akili. Mwafrika akifuata pesa uzeeni ni tamaa. Nani alituroga hivi?

Na mfano wa kurudi nyumbani pia tunao. Dennis Oliech alizaliwa Februari 1985, siku tatu tu kabla ya Ronaldo. Amecheza Nantes, Auxerre, Ajaccio, ametufungia Harambee Stars mabao tuliyoyalilia. Januari 2019 akarudi nyumbani, akasaini Gor Mahia. Stendi zilijaa siku za kwanza. Mwaka haukuisha vizuri, na yeye na Gor wakaachana. Sisemi kosa ni la nani, hiyo ni yao. Nasema hivi: ile kelele ya mapokezi ilidumu wiki chache. Ukiambiwa "rudi nyumbani, tunakupenda", uliza hilo pendo lina mkataba wa miezi mingapi.

Kwa sababu sisi ni watu wa kusahau. Naftali Temu wa North Mugirango, hapo Nyamira, ndiye aliyeipa Kenya dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Mexico, 1968, mita 10,000. Kabla ya Kipchoge Keino kuchukua yake siku chache baadaye, kabla ya hawa wote. Alifariki mwaka 2003. Simama stendi ya Nyamira kesho, uliza vijana kumi Temu alikuwa nani. Nimewahi kufanya hivyo na kamera mkononi. Sikupandisha hiyo video, ilikuwa aibu yetu sote. Kama tunaweza kumsahau mtu wa dhahabu ya kwanza ya taifa, tutamkumbuka beki wa kushoto kwa sababu alikataa ofa mwaka fulani?

Sasa, kuna hoja moja ya upande wenu ambayo naiheshimu, na siiruki. Mnasema timu ina vijana wengi na wanahitaji mtu mzima uwanjani, wa kuwapigia kelele wakipotea, wa kuwatuliza dakika ya 88. Hiyo ni kweli. Beki wa miaka 34 ni mwalimu. Akiondoka, kuna mabao tutafungwa ambayo asingeruhusu. Itatuuma. Lakini ukihitaji mwalimu, mlipe kama mwalimu. Mwekee mkataba wa miaka miwili, mmoja wa kucheza na mmoja wa kufundisha vijana. Mlipie kozi ya ukocha. Mlipie bima ya hilo goti. Timu ikimwekea hiyo mezani, akaikataa, mimi mwenyewe nitakuja kumuuliza. Kama kilicho mezani ni "tunakupenda" pekee, funga mdomo.

Na wewe bigi, najua unasoma hii. Nenda, lakini nenda na macho wazi. Usisaini karatasi uliyotumiwa picha yake kwa WhatsApp. Tangu 2023 mawakala wanatakiwa kuwa na leseni ya FIFA, dai kuiona. Usitoe senti ya "usajili" kwa mtu yeyote, kazi ya kweli haikuombi pesa kabla haijakulipa. Peleka mkataba kwa KEFWA, chama cha wachezaji, wausome na mtu wa sheria, hasa ile sehemu inayosema ukiumia nini kinatokea. Uliza nani analipa tiketi ya kurudi. Halafu pesa ya kwanza usijenge ghorofa ya kuonyesha kijiji. Nunua kitu kinachozaa wakati umelala.

Na sisi mashabiki, kazi yetu ni ndogo tu. Lipa tiketi, acha kuruka ua. Uliza wakubwa wa timu mishahara iko wapi kwa sauti ile ile unayotumia kumtusi beki. Ukiona mchezaji mzee ameaga, mpigie makofi mpaka afike kwenye gari, kama tunavyofanya kwa shangazi wa Minnesota.

Tore Bobe maana yake tuko vibaya. Basi tuwe vibaya kwa wapinzani, si kwa watu wetu wanaotafuta chakula.

Haya, matusi sasa yaje. Ila kila tusi liambatane na picha ya tiketi yako ya mwisho uliyolipia.