Kamishna Mkuu, Chapisheni Kanuni za Makato
Barua ya wazi kwa Kamishna Mkuu, Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA), Nairobi

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa ajili ya waajiri wadogo wasiomudu kununua programu ya mishahara: duka la vifaa vya ujenzi lenye vijana watano, chekechea ya mtaani, zahanati ya wauguzi wawili. Vitabu vyao wanaweza kuvitunza bila kulipia leseni kwa programu huria kama GnuCash. Mauzo, madeni, benki, vyote vinakaa humo vizuri. Mwisho wa mwezi ukifika wanarudi kwenye Excel, kwani GnuCash haina sehemu ya kukokotoa mishahara. Unapiga makato kwingine, kisha unaingiza majibu.

Wanaoziandika programu hizi hawajazembea. Utaratibu wa kuingiza kila muamala pande mbili, Luca Pacioli aliuchapisha Venice mwaka 1494, na hadi leo msingi wake ni uleule. Lakini mshahara hufuata sheria ya nchi, na yetu haitulii. Februari 2023 mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ulianza viwango vipya, vikapanda tena Februari iliyofuata na nyingine baada yake. Ushuru wa nyumba ulianza Julai 2023, Mahakama Kuu ikaubatilisha Novemba, ukarudi Machi 2024 kwa sheria mpya. Oktoba 2024 bima ya afya ya SHIF ikachukua nafasi ya NHIF. Kisha tarehe 27 Desemba, waajiri wengi wakiwa wameshalipa mapema kwa sababu ya Krismasi, ikaanza sheria ya kuondoa SHIF na ushuru wa nyumba kwanza, ndipo kodi ya mshahara, PAYE, ikokotolewe.

Hapo ndipo penye ugumu. Chukua mshahara wa shilingi 50,000, kwa viwango vya Februari 2025. NSSF 3,000, SHIF 1,375, nyumba 750. Zinabaki 44,875, na hizo ndizo zinazotozwa PAYE. Ukishatoa nafuu ya 2,400, kodi ni 5,845.85. Asilimia za SHIF na za nyumba hazikuguswa Desemba ile. Kilichobadilika hasa ni kipi kinatangulia kipi. Kijana wa Nakuru anayejitolea kuandika programu usiku, baada ya kazi yake, ayajue haya wapi? Na zile senti 85 azifanyeje: azipandishe, azikate au aziache?

Frappe HR, ambayo nayo ni huria, ina sehemu ya mishahara, ila fomula za makato yetu utaziandika mwenyewe. Basi kila karani anaandika zake, na makosa yake yanaingia moja kwa moja kwenye mfuko wa mfanyakazi, ambaye Sheria ya Ajira ya 2007 inampa haki ya kuonyeshwa kila kato kwa maandishi. Ataonyeshwa, ndiyo. Ataonyeshwa kosa.

Wizara ya Fedha ya Ujerumani huchapisha kila mwaka hatua zote za kukokotoa kodi ya mshahara, kwa mchoro na kwa faili ambalo kompyuta inalisoma. Nasi tunaomba faili la namna hiyo, lisilo na masharti ya matumizi: viwango, tarehe ya kuanza kwa kila kimoja, mpangilio wa makato, na namna ya kushughulikia senti. Viwango vya zamani msivifute, maana masahihisho ya mwaka juzi yanavihitaji. Pamoja nalo wekeni mishahara ya mfano na majibu yake sahihi, kuanzia kibarua wa mwezi hadi bosi wa milioni, ili programu ipimwe kabla mtu hajakatwa hata shilingi.

Najua NSSF na SHA, inayosimamia SHIF, haziko chini yako. Lakini PAYE haikokotoleki bila makato yao, kwa hiyo wa kuwaita mezani ni wewe. Wakichelewa, anza na ya kwako. Kazi ya kuandika programu tuachie sisi.

Wako,
Mtunza hesabu, Mombasa