VITABU VYA MSHAHARA VISIHAMISHWE GIZANI

Ndugu Wafanya Kazi,

Tumesikia ya kwamba wakubwa wa kazi wanataka kuhamisha hesabu za mishahara, saa za kazi na likizo zetu, waziweke katika programu ya kukodi. Mashine zenyewe hazitakuwa hapa. Zitakuwa za kampuni ya ng'ambo, nayo italipwa kila mwezi kwa hesabu ya vichwa vyetu.

Sisi hatukatai mashine. Reli iliacha injini za moshi, na wafanya kazi wakajifunza dizeli. Twajua pia faida ya kukodi: tajiri hanunui mashine kubwa, na mwenye programu ndiye anayeitengeneza na kuilinda, pengine kuliko awezavyo karani mmoja wa ofisi yetu. Hayo ni kweli. Lakini faida yaingia mfuko wa tajiri, na hatari yaangukia mfuko wetu.

Tazameni Marekani. Desemba 2021 wezi waliifunga programu ya Kronos, ambayo waajiri wengi walikodi ili kuhesabu saa za kazi, wakadai fedha ndipo waifungue. MTA ya New York, yenye treni za chini ya ardhi, ilikuwa mmoja wa wapangaji. Taabu ile ilichukua majuma. Waajiri wengine walilipa kwa kukisia tu, wakarudia malipo ya zamani, na mtu aliyefanya saa za zaidi akapewa kama hakuzifanya.

Tena Australia, Mei 2024, Google ilifuta kwa makosa mashine zilizokodiwa na UniSuper, mfuko wa pensheni wenye wanachama zaidi ya 600,000. Kwa karibu juma zima hawakuweza kuona akiba yao. Kilichowaokoa ni kwamba mfuko ulikuwa na nakala nyingine, iliyowekwa kwa kampuni nyingine kabisa. Sisi tukiuliza nakala yetu itakaa wapi, twajibiwa ya kuwa kampuni hiyo ni kubwa. Je, Google ni ndogo?

Liko na jambo la kuondoka. Ninyi nyote mwajua behewa la reli ya zamani, ya milimita 1000, haliwezi kupita juu ya reli mpya ya milimita 1435. Lazima mzigo ushushwe na kupakiwa upya. Hesabu nazo ni vivyo hivyo. Zikiandikwa kwa namna ya kampuni moja, kuzihamisha kwa nyingine ni kazi na gharama, na mwenye programu ajua hivyo siku anapopandisha kodi.

Na kodi ikimshinda tajiri, akaacha? Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanya kazi miaka mitatu kupeleka madai yake kortini. Mkataba wa kukodi ukivunjwa mwaka wa pili, nani atatuonyesha saa tulizofanya mwaka wa kwanza?

Kwa hivyo twataka mkataba huo uletwe mezani kabla haujatiwa sahihi. Twataka nakala kamili iwekwe hapa Kenya kila mwezi, nje ya mikono ya kampuni ile, na iandikwe kwa namna ambayo programu nyingine yaweza kuisoma. Makarani wa mishahara wasifukuzwe, maana siku mashine itakapofungwa ni wao watakaolipa watu kwa kalamu. Mpaka hapo, kila ndugu aandike saa zake katika daftari lake mwenyewe, wala asitupe karatasi yake ya mshahara.