Nipe Mji

Kila nikisema naandika gemu ya maandishi matupu kuhusu Mji wa Kale, naulizwa swali lile lile: "Picha ziko wapi?" Bila picha, ati hiyo si gemu, ni insha.

Haya, msikieni Will Crowther. Alikuwa mwandishi wa programu Marekani, mmoja wa waliojenga ARPANET, mtandao uliozaa intaneti. Akitoka kazini alitambaa mapangoni Kentucky na kuyachorea ramani. Ndoa yake ilipovunjika, kati ya 1975 na 1976, akawaandikia binti zake mchezo: Adventure. Hauna picha hata moja. Mashine inakwambia uko wapi, nawe unaiandikia la kufanya. Mwaka 1977 Don Woods akaupanua. Mwaka 1978 Scott Adams akatoa Adventureland, kwa kompyuta ya nyumbani yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16. Picha moja ya WhatsApp hula zaidi ya hapo!

Kwa hivyo msiniambie tunangoja kompyuta kali na mfadhili. Crowther hakungoja. Tena pango hakulibuni. Aliandika lile alilolijua kwa magoti yake. Sisi magoti yetu yanajua nini?

*Uko Ndia Kuu. Nyuma yako Fort Jesus. Kulia, uchochoro unateremka baharini. Bibi aliyekaa barazani anakuuliza: wewe ni mtoto wa nani?*

Andika jibu. Ukidanganya, hupiti.

Wengine wanadai Kiswahili hakifai mashine. Wapi! Gemu za Adams zilipokea maneno mawili tu, kitenzi na jina. Sisi tukisema "nifungulie", neno moja limembeba anayeomba na anachotaka kufanyiwa. Na tangu M-Pesa ianze 2007, nyanya zetu wanatuma pesa kwa menyu ya maandishi kwenye kabambe. Sijasikia hata mmoja akidai picha.

Utotoni tulitegwa vitendawili. Ukishindwa kujibu, unaambiwa "nipe mji", na mji unautoa. Ndivyo itakavyokuwa hapa. Tusipoziandika chochoro hizi, ataziandika mtu ambaye hajawahi kuulizwa ni mtoto wa nani. Atatujazia maharamia na ngamia, kisha atuuzie, nasi tutanunua.

Kitendawili kimeshategwa, wenzangu. Mimi mji siutoi.